Neno Nililoachiwa na Fundi Mwadime

Habari ya kifo cha Fundi Mwadime ilinikuta uani nikichambua maharagwe. Mjukuu wangu Saru alikuwa ameketi na simu yake, akaniuliza kama namjua mzee mmoja wa Mgange anayeitwa Mwadime, aliyekuwa fundi wa magari Voi zamani, maana kuna tangazo kwamba anazikwa Ijumaa. Nikasema namjua. Nikaendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, halafu nikaona nimemimina mabovu na mazuri katika sufuria moja. Saru akacheka, akasema nyanya sasa umeanza kuzeeka. Nikaanza kuyatenganisha upya. Mwadime alibebeshwa jina baya kwa miaka karibu thelathini, jina la fundi wa trela iliyoua, na mimi niliamini kwamba kati ya walio hai ni mimi peke yangu ninayejua jina lile halikuwa lake. Sasa alikuwa anakwenda nalo kaburini. Nilikuwa na siku nne za kuamua kama nitamwacha aende nalo.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka wa kiangazi, kabla ya ile mvua kubwa iliyobomoa madaraja. Nilikuwa na kibanda cha chakula mbele ya gereji ya Mwadime, pale Voi malori ya kwenda Taveta yalipokuwa yakikusanyika. Mabati matatu ubavuni, benchi mbili, meza moja ambayo mguu wake mfupi tuliuwekea kigae. Nilipika pamoja na Mghoi. Mghoi hakuwa ndugu yangu wa damu, lakini tulikodi chumba kimoja, vitanda viwili na kanga moja kuukuu tuliyoitundika katikati iwe ukuta, na asubuhi tulikuwa tukivaa huku tunazungumza kupitia kanga ile, kila mtu upande wake, tukipanga nani ataanza kukanda unga na nani atakwenda kutafuta maji. Alikuwa mwembamba kama ufito, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. Jumatano tulipika kimanga, mihogo na maharagwe tunayoyaponda pamoja kwa mwiko, chakula cha kwetu milimani, na hata Wakamba na watu waliotoka bara walijifunza kukingoja. Mpaka leo nikiponda kimanga nasikia mtu anavuta pumzi nyuma ya bega langu, kama Mghoi alivyokuwa akifanya akingoja zamu yake ya mwiko. Sigeuki. Nilikwisha kugeuka mara nyingi.

Aliyeleta ugomvi katika kibanda kile ni Kilonzo, dereva wa Bwana Salim. Huyu Salim alikuwa mtu wa pwani mwenye duka la jumla, mpole, kanzu yake haikosi kupigwa pasi hata vumbi liwe vipi. Kilonzo alikuwa mtu wa mzaha, na benchi zikijaa ndipo mzaha humpanda. Siku moja alitema maharagwe yangu kiganjani, akawaonyesha watu, akasema kwamba Mwadime akikosa kokoto za kumwaga uani kwake aje achote hapa kwa Mama Wakesho. Watu wakacheka. Hilo ningelimeza. Lakini alipoona nimekunja uso akaongeza kwamba si kosa langu, mtu aliyeishia darasa la tatu atajuaje kusoma saa, ndiyo maana maharagwe yangu hutoka jikoni kabla ya wakati wake. Cheko la pili lilikuwa dogo, na kwa kuwa lilikuwa dogo ndiyo sababu liliniuma zaidi, maana nilijua wengine wananihurumia. Nikaapa moyoni kwamba sitamsemesha mtu yule mpaka yeye aanze, aje mbele ya watu wale wale, anisalimie vizuri. Tangu siku hiyo nilikuwa namwekea sahani mbele yake bila neno, na akitaka chumvi anaiomba kwa Mghoi. Mghoi alichoka kuwa mjumbe. Akasema tunanuniana kama wake wenza waliofiwa na mume na bado wanagombania zamu.

Lori la Salim watu waliliita Twiga. Barabara ya Taveta siku hizo ilikuwa ya vumbi, mashimo na mito mikavu yenye mchanga, kwa hiyo Mwadime alikuwa ameliongezea majani ya springi, na chini yake akaweka vipande vya chuma, mpaka likasimama juu hivi kwamba mbwa alipita chini ya chasi bila kuinamisha kichwa. Lilikuwa linakwenda na bidhaa za duka na kurudi na mahindi na maharagwe kutoka Njukini, limejaa kwenda na kurudi. Mwaka ule Salim alinunua trela ili abebe zaidi, akamwambia Mwadime atie kulabu ya kuivutia. Nakumbuka maneno yake kwa sababu alisema akiwa amesimama kwangu na kikombe cha kahawa: "Fundi, mimi nataka iende Njukini irudi salama. Hayo ya vyuma ni yako weye."

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu, nami niliitazama yote kutoka jikoni. Shida ilikuwa ule urefu. Ukifunga kulabu pale chasi ilipo, iko juu mno, na mkono wa trela, yaani ule mti wa chuma wa mbele unaoshikwa na kulabu, unapanda kama mtu anayenyoosha kidevu. Mwadime akakata bamba nene la chuma, akalishusha kutoka kwenye chasi, ili kulabu ikae chini yake. Ishuke kiasi gani, hapo ndipo penye ufundi. Alisema lori likijaa mzigo linakaa chini, kwa hiyo lazima lipimwe likiwa na mzigo wake. Na siku ile mzigo haukuwapo. Basi akaita watu. Walipanda waliokuwa gereji na waliokuwa wakila kwangu, wengine na sahani zao mkononi. Alipanda Mwakio wa matairi, akapanda Ngolo mchomeleaji, akapanda Mama Njoki muuza viazi, mwanamke wa bara mnene mwenye roho safi. Mwadime akasema kwa sauti kwamba Mama Njoki ahesabiwe magunia mawili. Mama Njoki akamwambia yeye Mwadime ahesabiwe gunia tupu, na ashukuru kama mkewe bado analikunja vizuri. Nilipanda na mimi, na Mghoi akapanda wa mwisho. Ngolo akamwambia ashuke, hana uzito hata wa debe. Mghoi akajikalia kwenye ukingo, akasema, "Nyinyi pimeni tu. Siku moja mtaulizia uzito wangu."

Tulikaa juu pale kwenye jua kama mahindi, huku Mwadime ameinama chini yetu. Alikuwa ameweka chupa yenye maji nusu juu ya mkono wa trela, imelala, na alikuwa akiitazama ile hewa ndani ya chupa ikitembea. Ilipotulia katikati akaweka alama ya chaki, akatuambia tushuke. Tuliposhuka, lori likapanda tena, nami nilisimama karibu, nikaona ile hewa ya chupa ikikimbilia mwisho mmoja. Nikamwuliza mbona sasa imekimbia. Akaniambia nimeona vizuri. Lori likijaa, trela inakaa sawa. Lori likiwa tupu, springi zinainuka, kulabu inapanda, trela inatazama juu, mzigo wake unarudi nyuma ya magurudumu, na ikifika mteremkoni inaanza kupiga mkia, na trela ikishapiga mkia dereva hana neno la kuiambia. Alisema atatoboa tundu la pili kwenye lile bamba, chini ya lile linaloshika kulabu, ili siku lori likiwa tupu kulabu ihamishwe.

Hilo tundu la pili halikutobolewa. Alhamisi alipomaliza kufunga kulabu kwenye lile la kwanza, alikuja mtu kutoka Mgange kumwambia mamake amezidiwa. Kilonzo hakuwapo, Salim alikuwa amemtuma Mombasa kwa gari jingine, angerudi kesho yake. Simu za mkononi hazikuwapo. Mwadime akaja jikoni kwangu akijifuta mafuta kwa kitambaa. Akaniambia: "Mama Wakesho, Kilonzo lazima apite kwako kula. Mwambie asivute trela lori likiwa tupu mpaka nirudi. Nisingemwachia mtu mwingine. Wewe hupotezi neno."

Ni kweli, sipotezi. Shule sikusoma, lakini majina ya watu, na nani alisema nini na alikuwa amevaa nini, hayo nimejaliwa. Neno la Mwadime nililiweka vizuri, na Ijumaa mchana Kilonzo alipoingia nililikuta mdomoni liko tayari. Nikamwekea sahani. Nikamngoja. Nilisema moyoni, akinisalimia kwanza, nampa neno lake, na kila mtu atasikia kwamba yule wa darasa la tatu ndiye aliyeaminiwa na fundi. Kilonzo akala, akaomba maji kwa Mghoi, akaondoka. Nikasema kesho ipo, lori linakwenda Njukini Jumatatu, na likienda litakuwa limejaa.

Sikujua Salim amekwisha kuwapa lori watu wa Mbololo wakamzike mzee wao, Mzee Mwang'ombe. Jumamosi asubuhi lilisimama mbele ya kibanda changu kupakia. Mghoi alikuwa amechukuliwa akapike kwenye matanga, nami nikamwazima sufuria zangu mbili kubwa. Wazee wa ukoo ule walikuwa na utaratibu wao. Walisema maiti haichanganywi na kuni na sufuria, si mzigo wa soko. Jeneza likawekwa peke yake kwenye lori na wazee wanne wameketi kando yake. Vitu vingine vyote vikaingia kwenye trela: mapipa matatu ya maji, maana Mbololo maji yalikuwa yamekauka, kuni, magunia ya unga, sufuria zangu, na Mghoi juu ya yote, ameshika mifuniko isianguke. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi. Niliuona mkono wa trela umenyanyua kidevu. Sikuhitaji chupa. Niliona kama ninavyoona herufi za jina langu.

Kilonzo alikuwa amevaa shati jeupe kwa heshima ya msiba. Akatoa kichwa dirishani. Watu wa benchi zote mbili walikuwapo, Mwakio, Ngolo, Mama Njoki, wote walionicheka. Akasema, na hapakuwa na mzaha katika sauti yake: "Mama Wakesho, habari ya asubuhi. Tunakwenda kuzika. Tuombee."

Ndiyo hiyo salamu niliyokuwa nikiingoja wiki saba. Mghoi akapaza sauti kutoka juu ya trela kwamba niitikie, salamu si mahari. Na mimi nikageuka nikaingia jikoni. Nimejiuliza miaka hii yote kwa nini, na jibu ninalopata ni dogo na la aibu. Niliona ni mapema. Nilitaka aisubiri salamu yangu kidogo, kama nilivyoisubiri yake. Nilidhani trela itamtikisa njiani, atasimama, ataona haya mbele ya wazee, atarudi kuuliza. Kifo hakikuwa katika hesabu yangu. Nilisikia injini ikiwaka, nikasikia mifuniko ikigongana, nikatia unga kwenye maji.

Kabla ya kufika Mbololo barabara hushuka kwenye mto mkavu. Hapo ndipo trela ilipoanza kupiga mkia. Walionusurika walisema ilikwenda kushoto, ikaenda kulia, mara ya tatu ikalala, na mapipa yakaja yote upande mmoja. Lori lilibaki limesimama. Wazee hawakupata hata mkwaruzo. Kilonzo alivunjika mkono kwenye usukani. Mghoi alikuwa chini ya mapipa. Habari ilikuja na mtu wa baiskeli kabla ya saa sita, na benchi zangu zilikuwa zimejaa watu wanaokula ugali nilioupika huku lile neno likiwa bado mdomoni mwangu.

Sufuria zilirudishwa Jumanne. Moja ilikuwa imebonyea ubavuni. Sikuwa na nyingine, nikaisugua kwa mchanga nikaipikia, na watu wakala. Chumbani nilishusha kanga ya katikati nikakikunja kitanda chake, lakini usiku wa tatu niliirudisha, maana bila ile kanga niliona wazi kwamba hakuna mtu, na ikiwapo naweza kujidanganya. Niliishi hivyo mwaka mzima, nikizungumza na kanga.

Mwadime alishuka kutoka Mgange Jumatatu. Mamake alikuwa amepata nafuu. Hakupitia gereji, alikuja moja kwa moja jikoni, akasimama mahali pale pale aliposimama Alhamisi. Akaniuliza kama nilimwona Kilonzo. Nikasema, "Sikumwona. Hakupita."

Alinitazama. Mwiko ulikuwa unatoa mvuke mkononi mwangu. Akasema haya, akatoka. Siku ile ile mtu aliyeletwa kutazama ajali alisema kulabu iko juu, lori limenyanyuliwa, fundi hakujua kazi. Walipomwuliza Mwadime kama alimwonya dereva, alisema yeye hakumwambia dereva. Hilo lilikuwa kweli kabisa, kila neno. Hakutaja kwamba neno aliniachia mimi. Alikaa ndani siku kadhaa, akatoka, na hakuna mtu aliyempelekea gari tena. Wateja wake wakaanza kusema kwamba ukitaka kufa mpe Mwadime gari lako. Nilisikia maneno yale yakisemwa kwenye benchi zangu, nikachota mchuzi. Kabla ya mwaka kwisha alifungasha spana zake kwenye gunia akapanda kwao kulima kabichi. Kilonzo alihamia Kibwezi, akafia huko, na salamu yake sikumjibu mpaka leo.

Kwa hiyo Ijumaa nilipanda Mgange. Saru alinisindikiza, akidhani ni adabu ya uzee tu. Kulikuwa na ukungu, hema mbili, spika, na watu wengi kuliko nilivyotazamia. Waliozungumza walisema Mwadime alikuwa mkulima hodari, mzee wa kanisa, mtu wa watu. Hakuna aliyesema alikuwa fundi. Walilizunguka neno hilo kama watu wanavyozunguka shimo. Nyuma yangu mwanamume mmoja alimwuliza mwenzake kwa sauti ya chini kama huyu ndiye yule wa trela, na mwenzake akasema ndiye, akamwambia anyamaze.

Nikainuka nikaenda ndani alikokuwa mjane wake, Wakio, ambaye tunamwita Mama Nyambu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake, miguu ameinyoosha. Nikaketi mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini yalitoka yote pamoja bila mpango: kwamba Mwadime aliniachia neno, kwamba Kilonzo alipita, kwamba alinisalimia, kwamba niliingia jikoni, kwamba nilimdanganya mumewe uso kwa uso.  Mama Nyambu hakushtuka. Alinishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, kama unavyomshika mtoto asianguke.

"Alijua," akasema. "Alikwenda kumwona Kilonzo hospitalini. Kilonzo akamwambia alikula kwako Ijumaa, na Jumamosi alikusalimia ukaingia ndani. Alikuja hapa akanisimulia, akakaa palepale ulipo."

Nikamwuliza mbona basi hakusema.  Akaniambia Mwadime alisema chuma alikikata yeye, tundu la pili ni yeye aliyeliacha, na fundi asiyefikisha neno mwenyewe ni kama fundi asiyekaza bolti. Aliniona mimi kama bolti aliyoiacha bila kukaza. Mama Nyambu alisema hivyo bila chuki. Mimi nilikuja nikitarajia anitukane, au anisamehe, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

"Mimi ulikuwa huna haja ya kuniambia," akasema Mama Nyambu. "Nimekungoja miaka mingi, lakini si kwa ajili yangu. Mimi ninajua. Wale walio nje hawajui. Na watoto wake wako huko nje."

Nikasema sijawahi kusimama mbele ya watu. Akauachia mkono wangu.

Nikatoka. Msimamizi alikuwa anauliza kama kuna mwingine mwenye neno la mwisho kabla ya kwenda kaburini, akitazama saa yake, maana mvua ilikuwa inanukia. Saru aliponiona napita katikati ya viti alinivuta nguo, akaninong'oneza nyanya unakwenda wapi. Nikamwambia akae. Kijiti cha kusemea alichonipa msimamizi kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na baridi. Niliwatazama. Watu wa Mgange, watu wa Voi wachache waliobaki, watoto sita wa Mwadime mstari wa mbele, wakubwa kwa wadogo, na jeneza katikati yetu, na hakuna hata mmoja pale aliyejua mimi ni nani katika habari ile ya trela.

Nikaanza kwa kuwaambia jina langu.